Mtafute Aliyeibiwa: Namna ya Kuipima Katuni ya Uhalifu na Toba

Mchoraji akikuchorea taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani usiku, kisha juu yake akatundika mwezi mpevu, weka kitabu chini kwanza. Huyo hajawahi kusimama mwaloni Mwigobero, hapa Musoma, usiku. Dagaa huvuliwa wakati wa giza. Taa ndiyo inayowaita, na mwezi ukijaa taa inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika, wavuvi wanavuta mitumbwi mchangani na kupumzika. Wengine hushona nyavu, wengine huenda makwao kusalimia. Mtu yeyote wa Musoma anajua. Anajua mama anayeanika dagaa juani, na anajua hata mtoto anayetumwa sokoni akarudi mikono mitupu kwa sababu ni siku za mbalamwezi.

Utaniambia huo ni mwezi tu, wino kidogo kwenye kona ya picha. Lakini chukua hadithi ya kijana aliyeiba injini ya boti. Ziwani kwetu wizi wa injini ni msiba, kwa sababu injini moja ndiyo ada ya watoto, ndiyo mkopo wa kikundi, ndiyo mahari ya mdogo wa mwenye boti. Mchoraji akiliweka tukio lake usiku wa giza, boti iko majini na ina watu ndani, na injini haichukuliwi pale bila panga au bunduki. Huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao sheria yetu inaupa kifungo kisichopungua miaka 30. Akiliweka usiku wa mbalamwezi, boti iko nchi kavu, injini imelazwa kibandani, mlinzi amepitiwa na usingizi, na watu wawili wanaibeba kwa mti mabegani. Huo ni wizi, na wizi wa kawaida adhabu yake ya juu ni miaka 7.

Kijana wa kwanza, aliyefungwa akiwa na miaka 22, atatoka ana 52. Wazazi wake wamekwisha kuzikwa, na mwenye injini pengine amezikwa pia. Kijana wa pili anatoka angali na nguvu zake, na asubuhi ya kwanza tu anaweza kukutana na mwenye injini njiani, kila mmoja na ndoo yake. Hizo ni hadithi mbili za toba zisizofanana hata kidogo, na mwezi ndio unaochagua ipi iandikwe. Mchoraji asiyejua mwezi wake hajui ameandika hadithi ipi.

Ndiyo maana ninapoipima katuni ya uhalifu naanza na vitu vya mahali. Nimezisoma na kuzikusanya kwa miaka mingi, na vijana wanaochora, wa Musoma mjini, wa Bunda na wa vijiji vya Butiama, huniletea kazi zao niziangalie. Ninachokieleza hapa ndicho ninachowaambia wao, na ndicho ninachokitumia mwenyewe ninaposhika mfululizo mpya na kujiuliza kama nitoe hela yangu au niurudishe mezani.

Kwanza tukumbuke tulikotoka, kwa sababu aina hii ya hadithi, ya mhalifu anayetafuta kujisafisha, haijapewa nafasi kubwa katika Kiswahili. Wasomaji wetu walilelewa na mpelelezi. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Kwa upande wa picha, wazee wetu walimsoma Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia, katika magazeti ya hadithi zilizopigwa kwa kamera, na Katalambulla huyohuyo akaendesha Film Tanzania, hadithi za picha za namna hiyo kwa Kiswahili. Katika zote hizo tunamfuata anayekamata. Pingu zikifungwa, hadithi imekwisha. Mwizi akipanda karandinga hatumwoni tena.

Kisha ikaja Sani. Jina lenyewe lilitokana na majina ya waasisi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na kwa wengi wetu ndilo gazeti lililotufundisha kusoma picha. Toleo lilikuwa likipita mikono mingi mpaka linakufikia halina jalada. Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa kijana mno, alikuwa na mkono ambao wachoraji wa leo wanapaswa kuurudia na kuusoma mstari kwa mstari. Na humo Sani ndimo tulimozoea matapeli wa kuchekesha, Ndumilakuwili na wenzake, ambao tuliwapenda kwa moyo wote.

Lakini tapeli wa kuchekesha hana kumbukumbu, wala hatakiwi kuwa nayo. Akikutapeli toleo hili, toleo lijalo anakuja mpya kabisa, koti lilelile, ujanja mwingine, na waliotapeliwa wamesahau. Ucheshi unaishi kwa kusahau huko. Toba haiwezi kuishi hivyo. Mfululizo wa toba unadai kwamba kilichotokea toleo la kwanza kiwe bado kinauma toleo la tisa. Kwa hiyo jaribio langu la kwanza la mfululizo wowote ni hili: chukua toleo la mwisho ulilonalo, chukua la kwanza, yaweke kando kwa kando. Angalia mikono ya mhusika. Kama amekaa gerezani miaka mitano akilima, mikono ile haiwezi kuwa ile ya kijana wa kijiweni. Angalia nyumba ya aliyeibiwa: bati lililokosa kubadilishwa kwa sababu hela iliibwa, je, bado lina kutu? Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, amekua na kuwa nani? Mchoraji mwenye kumbukumbu atakuwa amevichora hivi vyote bila kukuelekeza. Asiye na kumbukumbu atakuwa na mhusika anayesema kwenye kila kiputo kwamba ameteseka sana.

Wenzetu wa mbali wanaoimudu kazi hii wanaimudu hapo hapo. Ed Brubaker na Sean Phillips wa Marekani na Uingereza walianza mfululizo wao uitwao Criminal mwaka 2006, na nguvu yake ni kwamba hausahau mtu. Anayepita nyuma ya baa katika kitabu kimoja anakuwa ndiye mhusika mkuu wa kitabu kingine, na dhambi za baba zinakutana na mwana miaka mingi baadaye. Ukisoma kimoja unaona hadithi ya wizi. Ukisoma vitano unaona ukoo mzima uliojaribu kutoka na ukashindwa. Wajapani Kazuo Koike na Goseki Kojima walifanya jambo kubwa zaidi tangu mwaka 1970 kwa Lone Wolf and Cub, muuaji wa kukodiwa anayetembea na mtoto wake mdogo kwenye kigari, na macho ya yule mtoto yanaona kila kitu na hayasahau. Humo ndimo Max Allan Collins na mchoraji Richard Piers Rayner walimopata Road to Perdition, mwaka 1998: muuaji wa genge, mwanawe, na safari ndefu.

Hiyo ya mwisho naipenda, na ina jambo moja linalonikwaza, nalo linatuleta kwenye kiini cha mwongozo huu. Muuaji yule anaingia kanisani kuungama. Wino wa Rayner kwenye kurasa zile ni wa ajabu, mawe ya kanisa unaweza kuyapapasa. Lakini waliouawa, wajane wao na mama zao, hawamo. Toba ni ya mtu na Mungu wake, mlango umefungwa. Kwa msomaji wa mkoa wetu wa Mara, hiyo ni nusu ya hadithi. Sisi tumelelewa kujua kwamba haki ya mtu hairudi kwa machozi. Mashehe wetu wanafundisha kwamba toba ya kosa lililomgusa mwenzako haikamiliki mpaka umrudishie chake au akusamehe. Mapadri wanafundisha malipizi baada ya kuungama. Na wazee wa jadi, ambao hawakungoja dini yoyote kuwaambia, waliketisha watu barazani. Kwa ndugu zetu Wakurya, upande wa Tarime na Serengeti, mkutano huo huitwa ritongo: aliyeibiwa ng'ombe yupo, anayetuhumiwa yupo, ukoo wa huku na wa kule upo, na jambo linasemwa mbele ya macho ya wote.

Kwa hiyo nikishika katuni ya toba swali langu kubwa ni moja. Aliyeibiwa yuko wapi?

Kijana mmoja wa hapa Musoma aliwahi kuniletea kauntabuku zima alilolichora kwa kalamu nyeusi ya wino. Hadithi ilikuwa hiyohiyo ya injini. Mkono wake ulikuwa mzuri kweli: mawe makubwa ya Musoma yalikuwa na uzito, mitumbwi ilikaa majini badala ya kuelea juu ya maji, na umati wa sokoni ulikuwa wa watu, kila mmoja na pua yake. Kurasa za mwisho zilikuwa za toba. Mhusika amepiga magoti, machozi mazito kama matone ya mvua ya kwanza. Mama anamkumbatia. Mchungaji anamwekea mkono kichwani. Halafu fremu kubwa, mikono imeinuliwa juu, mawingu yamefunguka.

Nikamuuliza, mwenye injini yuko wapi? Akarudi nyuma kurasa nyingi, akanionyesha. Fremu moja. Mzee amechorwa kwa mgongo, kofia kichwani, kiputo kinasema: Nimekwisha! Tukaanza kuhesabu pamoja, yeye akiweka alama kwa penseli. Mwizi alikuwa katika fremu 143. Mwenye injini alikuwa katika 1, na hata hiyo hakuwa na uso.

Hesabu hiyo nakushauri uifanye na wewe. Haihitaji elimu ya sanaa. Simaanishi kwamba fremu ziwe sawa, hadithi ni ya mhalifu na lazima tumfuate. Ila aliyedhulumiwa awe na uso, awe na jina, awe na jambo moja analolifanya kwa mikono yake tunaloweza kulikumbuka. Na usiridhike na idadi pekee. Angalia mstari. Wachoraji wengi humchora mhalifu kwa brashi, kwa kivuli, kwa kovu lililopimwa vizuri, halafu wakamchora mama wa sokoni aliyeporwa kwa duara na vitone viwili vya macho. Wino nao hupendelea watu, na mchoraji mwadilifu hujichunga na upendeleo huo.

Kuna hadithi ambazo swali hili ni gumu zaidi, na hapo ndipo utamjua fundi. Fika Bunda. Mji umekaa barabarani kati ya Mwanza na Musoma, upande mmoja Ghuba ya Speke, upande wa pili Serengeti, na lango la Ndabaka haliko mbali. Uhalifu unaojulikana zaidi kwa hadithi za huko ni ujangili, na adhabu yake si ya mchezo, kwani mtu akikutwa na nyara za serikali kifungo kinaweza kufika miaka 20 na kuzidi. Mchoraji anayechora jangili anayetubu atamweka nani kwenye kiti cha aliyedhulumiwa? Nyumbu? Serikali? Vijana wengi hapo hukwama, wakamalizia kwa jangili kuvaa sare na kuwa askari wa wanyamapori, fremu ya mwisho saluti. Hiyo ni ajira. Toba yenyewe haijachorwa.

Jibu, kwa maoni yangu, liko kwenye waya. Majangili wa upande huu hutega kwa nyaya zilizokunjwa kitanzi, na mtu mmoja hutega nyingi, wala si zote huzirudia kuziangalia. Waya uliotegwa hauna habari kwamba mwenye nao ameokoka. Unaendelea kunasa usiku na mchana, na aliyenaswa hakuna anayemjia. Kwa hiyo jangili aliyetubu kweli ana kazi ya kufanya kwa miguu yake: kurudi porini, bila ya kuonekana na askari ambao hawana sababu ya kumwamini, akatafute kitanzi kimoja kimoja na kukifungua. Anavikumbuka vyote? Kile cha mkuyu uliopigwa na radi kiko wapi? Hapo una matoleo sita ya mfululizo, una hofu, una mbio, una bunduki, na kila ukurasa unasukumwa na kosa lenyewe. Katuni ya ujangili ikija mikononi mwako, tazama kama mtunzi amekumbuka nyaya. Asipozikumbuka, hajafikiri.

Sasa mpangilio. Uhalifu uwekwe wapi ndani ya mfululizo? Wengi wanauweka mwanzoni, na toba mwishoni, katikati ni mbio. Mimi nawapeleka wachoraji Butiama. Pale Mwitongo, alipozikwa Mwalimu Nyerere, watalii na wanafunzi wanakwenda kuzuru kaburi na makumbusho, na wengi hawakumbuki kwamba aliyelala pale alimtafsiri Shakespeare mara mbili, Juliasi Kaizari iliyotoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mchoraji wa katuni za uhalifu anayejua Kiswahili hana udhuru wa kutozisoma. Katika Juliasi Kaizari mauaji yanatokea katikati. Kabla yake tunawaona watu wazima, wenye heshima zao, wakijishawishi taratibu kwamba kuua ni wema. Baada yake imebaki nusu nzima ya mchezo ya kulipa: mji umechafuka, marafiki wanagombana hemani juu ya fedha, na usiku mzimu wa Kaizari unamtokea Brutus. Nusu ya kushawishika na nusu ya kulipa. Ukikuta mfululizo wenye uzani huo, shikilia.

Mabepari wa Venisi nayo ina somo kuhusu msamaha, nalo ni chungu. Mahakamani mdai anaombwa awe na huruma. Anakataa. Sheria inageuka, na yeye ndiye anayehurumiwa, kwa huruma inayomnyang'anya mali na dini yake. Kila nikiusoma ule mwisho natoka na wasiwasi, na nadhani wasiwasi huo ni sahihi. Kwenye katuni zetu msamaha huja kirahisi mno. Mzee aliyeibiwa ng'ombe anaambiwa na kijiji kizima, na mwenyekiti, na mchungaji, asamehe, na fremu inayofuata amesamehe. Jiulize: je, mtunzi amempa huyu mzee nafasi ya kukataa? Msamaha usioweza kukataliwa ni unyang'anyi wa pili. Katuni bora kabisa nilizozipima ni zile ambazo, nikiwa ukurasa mmoja kabla, sikujua kabisa aliyedhulumiwa atasema nini.

Wilaya hiyohiyo ya Butiama ndiyo yenye Kiabakari, penye kanisa la hija la Huruma ya Mungu, na mchoraji mmoja aliwahi kuniletea ukurasa wa mhusika wake akitembea kwa miguu kwenda huko. Barabara, vumbi, watu wakimpita kwa bodaboda. Hakuna kiputo kurasa mbili nzima. Alikuwa amefahamu jambo ambalo wengi hawalijui: katuni ina silaha ambayo riwaya haina, nayo ni pengo jeupe kati ya fremu na fremu. Msomaji ndiye anayelijaza. Mchoro wa kisu kimeinuliwa, kisha mchoro wa ndoo imeanguka na maji yanamwagika, na wewe mwenyewe ndiye uliyeua, ndani ya lile pengo. Fundi hutumia pengo kwa damu, na hutumia pengo kwa toba pia. Fremu ya kwanza mtu kasimama mbele ya mlango. Fremu ya pili, palepale, kivuli chake kimerefuka. Amesimama saa ngapi? Hakuandika. Mchoraji anayekueleza kwa maandishi kwamba alisita kwa muda mrefu amekunyima kazi yako.

Kwa hiyo ukiwa mezani pa muuza magazeti, huna muda wa kusoma toleo zima, fanya hivi: funika maneno kwa kiganja, soma picha tupu kurasa tatu. Kama unafuata kinachotokea, na kama unajua nani anamwogopa nani, kazi ni nzuri. Kama umepotea, hiyo ni hadithi ya maandishi iliyobandikwa picha.

Halafu ondoa kiganja usikie wanavyosema. Hapa sina huruma. Nimeona mzee wa Kizanaki, amekaa kigodani, fimbo mkononi, anaongea lugha ya vijana wa Dar es Salaam. Mzee yule hasemi hivyo. Anaweza kumwita kijana mura, neno ambalo mkoa wetu wote unalitambua, au akamwita mwanangu, au akanyamaza tu akamtazama. Na kijana, hata awe jambazi wa namna gani, akimkuta mzee yule njiani shikamoo itamtoka kabla hajafikiri, na katika hadithi ya uhalifu shikamoo hiyo ni dhahabu. Hebu fikiri kijana anayemwamkia mtu aliyemwibia, na mzee anaitikia marahaba kwa sababu bado hajui. Hakuna mlio wa bunduki wenye nguvu kama fremu hiyo.

Lugha ya kituoni nayo ipimwe. Mtu aliyeibiwa anapewa RB, mtuhumiwa anakaa mahabusu, kesi ndogo inaanzia Mahakama ya Mwanzo ambako hakimu anaweza kuketi na wazee wa baraza, na wizi wa ng'ombe adhabu yake ya juu hufika miaka 15. Nimeshika katuni ambamo jaji mwenye wigi mweupe anagonga nyundo mezani kijijini. Huyo alitoka kwenye sinema. Sheria ya Huduma kwa Jamii tunayo tangu mwaka 2002, mfungwa wa kosa dogo anaweza kutumikia adhabu yake akifanya kazi ya umma huku analala kwake, na sijaona wachoraji wakiitumia, wakati hadithi imejaa humo: mtu anafagia zahanati ya kijiji kilekile alichokiibia, na kila anayekuja kutibiwa anamjua.

Kuhusu uchapaji sitasema mengi. Karatasi ya gazeti ikiwa nyepesi wino wa upande wa pili unatokeza, na mchoraji mzoefu hulijua hilo mapema, akapunguza weusi mkubwa mgongo kwa mgongo. Siku hizi wengi husoma kwenye simu, ambako rangi ni bure, na rangi ya bure imewaharibu wengi. Usiku wote unakuwa bluu. Napendelea nyeusi na nyeupe kwa hadithi hizi, na kipimo changu cha wino ni usiku: weusi wa maji, weusi wa mawe na weusi wa mtu aliyejibanza kwenye mawe viwe vitatu tofauti. Mchoraji akivitenganisha vitatu hivyo bila rangi, mlipe anachotaka.

Na neno itaendelea. Tumekua nalo, tumelilaani na kulisubiri. Katuni ya kawaida huliweka mahali pa hatari, bunduki imeelekezwa, mlango unafunguka. Katuni ya toba huliweka mahali pa deni. Kama unafunga toleo ukijiuliza atapona, ni mfululizo wa mbio. Kama unafunga ukijiuliza atalipaje, umepata unachokitafuta.

Yule kijana wa kauntabuku alirudi baada ya miezi kadhaa. Alisema alikuwa akienda Mwigobero siku za mbalamwezi kuwatazama watu wanavyoshona nyavu, mpaka wakamzoea. Mawingu yaliyofunguka hayakuwapo tena, wala mikono iliyoinuliwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na fremu nne. Mzee amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ana uso sasa, jicho moja limeingia ukungu, kidole gumba kimepasuka kwa uzi wa nyavu. Bahasha inawekwa kando yake, tunaona mkono tu. Mzee analowesha kidole, anahesabu noti, moja moja, anarudia kuhesabu. Katika fremu ya nne noti ziko mfukoni mwa shati, mzee ameinamia wavu wake, na pembeni, chini kabisa, imebaki miguu miwili ya mtu aliyesimama mchangani akingoja kuambiwa kitu. Hakuna kiputo hata kimoja. Hela ile, ukizitazama noti vizuri, haiwezi kufika hata robo ya bei ya injini.

Chini ameandika itaendelea. Nilimrudishia kauntabuku lake, nikamwambia asiguse kitu, aanze ukurasa unaofuata.